Maswali yenu: kukaa na mgonjwa wa akili nyumbani

Mi sio dokta jamani, nimemuuguza kaka yangu mwenye skizofrenia miaka mingi, najibu kama mwenzenu tu.

*Mdogo wangu anatema dawa, nimtilie kwenye uji? (dada wa Mbagala)*

Usithubutu dada angu. Mi nilisaga haloperidoli, dawa ya kaka, nikaweka kwenye chai yake, akaonja, akaniangalia, hakusema kitu, ila toka siku hiyo chakula changu hagusi, ni maandazi ya dukani tu karibu miezi mitatu, maana mtu tayari anahisi anawekewa sumu afu we ndo unamthibitishia. Muulize kwanza kwa nini anatema. Wetu kumbe dawa ilikuwa inamkaza shingo, macho yanapanda juu, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagikia mapajani, sa nani atakubali kumeza hiyo? Hayo madhara yanajulikana, dokta anaweza kupunguza dozi au kuongeza dawa ya kulegeza, wengi wanaiita Artane. Ila shingo ikipinda ghafla usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyo hiyo. Na ulizia sindano ya mwezi, zipo za kuchoma kila wiki 2 hadi 4, ugomvi wa kila jioni unapungua.

*Akisema anasikia sauti nikubali au nikatae?*

Usibishane, usidanganye. "Mi sizisikii, ila naona zinakusumbua." Basi. Afu angalia usingizi, wetu akikesha siku mbili mfululizo tunajua ugonjwa unarudi, tunaandika kwenye daftari tunaenda nalo kliniki.

*Majirani wanasema karogwa, wengine wanasema tumfunge kamba.*

Kamba hapana. Maombi sikatazi, ila atakayewaambia muache dawa mkimbieni. Na msiogope kwa sababu jina la Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, limegeuzwa tusi, sio lazima kwenda mpaka Dodoma, anzieni hospitali ya wilaya au ya mkoa.

*Kuna siku namchoka mwanangu mpaka natamani aondoke tu. Nina roho mbaya? (mzee wa Tanga)*

Shikamoo mzee wangu. Roho mbaya huna, umechoka. Mi niliwahi kuaga naenda msibani, nikachukua chumba gesti ya elfu kumi na tano nikalala tu mpaka saa sita mchana. Ndugu walikuwa wanatuma hela na "pole sana", nikawaambia hela asanteni ila mje mkae nae na nyie. Mdogo wetu wa Morogoro anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, analalamikia nauli kila safari, ila anakuja.