Walimu Wawili, Darasa Moja: Maswali Yenu na Majibu

Safari hii barua nyingi zimeongelea kitu kimoja, kufundisha wawili wawili na kushirikiana kazini. Nimechukua nne.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni ajira mpya, nafundisha darasa la nne huku Kanda ya Ziwa. Mvua iliezua darasa moja basi mwalimu mkuu akaunganisha mikondo miwili, sasa tuna watoto 130 na walimu wawili. Mwenzangu ni madam mkongwe, namheshimu sana, ila yeye ndo anafundisha kila kitu, mi kazi yangu ni kunyamazisha watoto na kusahihisha madaftari kule nyuma. Nikiwapa zoezi wanamwangalia yeye kwanza. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Jua kwanza hauko peke yako, kiwango cha serikali kwa msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45 lakini tangu elimu bila malipo ianze 2016 shule nyingi zimefurika na walimu wanajibana wanavyoweza. Huo mtindo wa mmoja kufundisha na mwingine kusaidia sio mbaya kwa kipindi kimoja kimoja, ubaya wake ni pale unapokuwa wa kila siku, maana watoto wana macho, wakishaona nani anashika chaki na nani anabeba madaftari wameshamaliza hesabu yao.

Usimwendee na malalamiko, mwendee na ombi. Saa nne mkiwa mnakunywa chai mwambie, "Madam, kuna watoto kama ishirini hivi hawajazielewa kabisa hesabu za sehemu, wanadhani robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu 4 inazidi 2, naomba kesho niwatoe dakika kumi na tano nikae nao chini ya mti wewe ukiendelea na wengine." Hapo hujamnyang'anya darasa, umempunguzia mzigo, na wewe umepata watoto wanaokusikiliza wewe. Ukifika pale chini ya mti wape karatasi, huyu akunje mara moja, yule akunje mara mbili, kila mtu apake rangi kipande kimoja kisha waviweke pamoja wabishane wenyewe kipi kikubwa. Usiwape jibu, waache wabishane kwanza. Atakayesema "kumbe ukikunja zaidi kinakuwa kidogo" ameshaelewa, na wenzie wataelewa kupitia yeye kuliko kupitia wewe.

Wiki moja mbili zikipita pendekeza mgawane darasa nusu kwa nusu, somo lile lile, nusu wanatazama ubao wa mbele na nusu wamegeukia ukuta wa nyuma ambako mmebandika karatasi kubwa za kuandikia. Najua utaniuliza kelele je, na kweli hapo ndo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza tu. Dawa yake msiongee wote kwa wakati mmoja, upande wako ukiwa unaandika zoezi kimya upande wake ndo unasikiliza maelezo, baada ya dakika kumi mnabadilishana, na kipindi cha dakika 40 kinakwisha kila upande umesikiliza mara mbili na umeandika mara mbili. Lakini hiyo haiwezi kutokea kwa kubahatisha, lazima andalio la somo liwe moja lenye majina mawili na pale kwenye vitendo vya mwalimu iandikwe kabisa nani anafanya nini dakika gani. Mimi hili naliamini kwa moyo wote, kazi ya walimu wawili inafanyika ofisini kabla ya kengele, msipokaa chini kabla basi mmoja atakuwa mwalimu na mwingine msindikizaji hata kama mnapendana vipi.

Na jambo moja la mwisho, muombe madam yeye ndo awatangazie watoto kwamba leo zoezi atatoa mwalimu mwenzangu na atasahihisha yeye. Heshima yako mbele ya watoto kwa sasa inapita mdomoni mwake, na mkongwe anayejiheshimu hawezi kukunyima hilo.

SWALI: Shule yetu ina kitengo cha elimu maalum, nina watoto watatu viziwi darasa la sita na mwalimu wa elimu maalum huwa anakuja kutafsiri kwa lugha ya alama nikiwa nafundisha sayansi. Ni mtu mzuri ila ananipunguzia kasi, halafu darasa zima linamwangalia yeye mikono inavyocheza. Je, si bora awafundishe pembeni?

Hapana ndugu yangu, na nitakwambia kwa nini. Ufundishaji huu wa wawili ulipata nguvu hasa kwa ajili ya watoto kama hao. Marekani walipitisha sheria mwaka 1975 ya kuwapa watoto wenye ulemavu haki ya elimu ya umma, tena wakae na wenzao kadiri inavyowezekana, na kadiri walivyozidi kuingia madarasa ya kawaida ndo mwalimu wa somo na mwalimu wa elimu maalum wakajikuta chumba kimoja. Baadaye wataalamu Marilyn Friend na Lynne Cook wakaziandika zile njia ambazo walimu wa dunia nzima wanazitumia leo, kugawana darasa, vituo ambavyo watoto wanazunguka kimoja baada ya kingine, kundi dogo pembeni na nyinginezo. Kwetu Tanzania nako Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mtoto huyo apate elimu kama wengine, na huyo mwenzako inawezekana kabisa katoka chuo cha ualimu wa elimu maalum cha Patandi kule Arusha akiwa amejifunza vitu ambavyo mimi na wewe hatukufundishwa chuoni.

Sasa kuhusu kasi. Jaribu kukaa dawati la mtoto kiziwi dakika tano tu. Wewe unaandika ubaoni huku unaongea umetupa mgongo, mwalimu wa alama anatafsiri, na mtoto ana macho mawili tu, akitazama mikono mchoro unampita, akitazama mchoro maelezo yanampita. Kwa hiyo ukichora nyamaza, ukimaliza geuka ndo uongee, na ukionyesha kitu subiri kidogo kabla ya kuendelea. Utashangaa hata wale wanaosikia watafaidika, maana na wao huwa wanakimbizwa. Halafu mpe mwenzako maneno ya somo jana yake, usimshtukize na "usanisinuru" katikati ya sentensi akabaki anaspeli herufi moja moja, mkae mkubaliane alama mapema. Na hao wanaomkodolea macho wafundishwe alama tano sita na mwalimu huyo huyo kila wiki, wakizizoea hawatashangaa tena na viziwi wako watapata watu wa kuongea nao wakati wa mapumziko, kitu ambacho pembeni hawakipati.

SWALI: Natoka Kenya, nafundisha JSS, yaani sekondari ya chini. Nilisomea Biolojia na Kemia ila Sayansi Jumuishi ina fizikia ndani yake, umeme unanisumbua. Kuna mwenzangu wa hisabati na fizikia. Tukibadilishana vipindi hiyo ni kushirikiana?

Ni kusaidiana, na si vibaya, ila ukimwachia yeye umeme kila mwaka wewe utabaki pale pale. Kaa ndani akifundisha. Na nyie Kenya hili mna mizizi nalo, mradi wa SMASSE ulioanza 1998 kwa msaada wa Wajapani ulikuwa hasa wa walimu wa sayansi na hisabati, na Wajapani wenyewe wana desturi ya zamani ambapo walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa kutazama wanafunzi, sio kumtazama mwalimu, wanaandika mtoto gani kakwama wapi, kisha wanalirekebisha. Anza na somo moja, saketi ya betri, waya na balbu. Yeye afundishe gredi 7 wewe ukiangalia wanaounganisha waya vibaya wanafikiria nini, halafu mkondo mwingine ufundishe wewe akiwa amekaa nyuma.

SWALI: Mwalimu mkuu wetu akituona wawili darasa moja anasema tunategeana. Tumjibuje?

Msimjibu kwa mdomo. Mpelekeeni andalio lenye majina mawili asubuhi kabla ya mstarini, mwambieni mtafundisha pamoja vipindi viwili tu kwa wiki, sio vyote, na mumuombe aje akae dakika ishirini. Kama shule yenu inakaa zile jumuiya za kujifunza za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, andalio hilo lipitieni huko kwanza ili asione ni mpango wa watu wawili waliochoka. Na akija, msimwekee kiti mbele, mwekeni kati ya watoto wanaohangaika zaidi, aone mwalimu wa pili anafika kwao mara ngapi.