Kabla hujakokotoa unene wa tangi, tafuta nukta nyeusi

Nikiletewa spesifikesheni ya tangi la chuma, sianzi na hesabu ya unene. Hesabu kompyuta inaimaliza chai haijapoa. Ninachotafuta kwanza ni yale ambayo mteja ameamua, na yale aliyoyaacha wazi bila kujua kwamba ameyaacha.

Wengi wakishasoma "tangi lisanifiwe kwa API 650" wanaona mambo yamekwisha. Hicho ni kiwango cha Marekani cha matangi ya kuchomelewa ya kuhifadhia mafuta, na kwenye zabuni za maghala ya mafuta utakutana nacho sana. Sasa kifungue chenyewe. Aya nyingi zimewekewa nukta nyeusi mwanzoni. Maana yake: hapa mnunuzi anatakiwa atoe uamuzi au afanye jambo. Kiambatisho L kina fomu ya kujaza maamuzi hayo. Zabuni nyingi nilizosoma fomu hiyo haimo kabisa, au imo na nusu yake ni tupu.

Nafasi inayoniumiza kichwa kuliko zote ni uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji. Tuseme tangi la kipenyo cha mita 20, kimo cha kimiminika mita 12, pleti (mabamba) za A36, yaani chuma cha kawaida cha ujenzi. Njia ya kawaida ya API 650 inachukua mgandamizo wa mahali palipo mita 0.3 juu ya ukingo wa chini wa kila safu ya pleti, kwa sababu ukingo wenyewe umeshikwa na kilicho chini yake. Weka petroli, uzito 0.74, na milimita 1 ya kuliwa na kutu: safu ya chini inadai unene wa kama milimita 6.3. Lakini kabla ya kupokelewa tangi hujazwa maji, na maji ni mazito kuliko petroli. Hesabu ya maji inatoa milimita 6.7, na hiyo ndiyo inayoshinda. Kwa tangi la petroli, siku ngumu kuliko zote ni siku ya kulijaribu.

Weka molasesi ya kiwanda cha sukari, uzito 1.4, kwenye tangi lilelile. Sasa safu ya chini inataka milimita 11. Kipenyo ni kilekile, kimo kilekile, kwa hiyo mchoro wa mpangilio hautakuonyesha tofauti yoyote. Tena hapa jaribio la maji halikupi usingizi, maana molasesi italisukuma tangi zaidi ya maji yalivyolisukuma. Ndiyo maana nikikuta "tangi la matumizi mbalimbali" kwenye zabuni, siendelei mbele mpaka nipate jina la kimiminika kizito kuliko vyote.

Molasesi siitaji bure. Tarehe 15 Januari 1919, mjini Boston, tangi lenye kimo cha kama mita 15 lilipasuka na molasesi ikafagia mtaa; watu 21 walikufa. Pleti zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo ule, na maji yaliyotiwa kulijaribu yalikuwa ya inchi 6 tu. Inchi sita!

Nafasi ya pili ni kutu. Spesifikesheni inasema "nyongeza ya kutu milimita 2", basi. Wapi? Ukutani tu? Sakafuni je? Paa na boriti zake za chuma? Ndani ya tangi la dizeli maji hutuama chini kabisa, na huko ndiko sakafu inakoliwa. Juu nako kuna mvuke na hewa inayoingia na kutoka. Ukuta wa katikati unaweza kukaa miaka bila shida. Kwa hiyo tarakimu moja kwa tangi zima ama inakula fedha mahali pasipohitaji, ama inapanyima panapohitaji. Angalia pia sakafu: API 650 inataka isipungue milimita 6 bila kuhesabu nyongeza ya kutu. Ukisoma haraka utaweka 6 na kudhani kutu imo.

Ujazo nao una mtego, ila mdogo. Tangi letu la mfano linabeba kama mita za ujazo 3,770 kimahesabu. Ukiacha nusu mita chini ya bomba la kutolea na sentimita 70 juu kwa usalama wa kujaza, unabaki na kama 3,390. Uliza mteja anataka ipi, kabla hajaanza kuhesabu malori.

Maswali yote nayaandika katika barua moja na kuyapeleka kabla ya muda wa ufafanuzi kufungwa. Wapo wanaonyamaza wakihofia kuwaamsha washindani. Mimi nawaamsha kwa makusudi: jibu likitumwa kwa wote, yule aliyetaka kushinda kwa kukisia kimiminika chepesi naye itabidi aweke pleti nene. Mteja akikaa kimya, ukurasa wa kwanza wa mahesabu yangu unataja uzito niliotumia, kutu kwa kila sehemu, kimo cha kujaza na nguvu ya upepo, na bei inasema wazi kwamba imesimama juu ya hayo. Kazi ikipatikana, ukurasa huo unatiwa saini na mteja kabla sijaagiza pleti hata moja.