Swali la lugha: "hali ya mbio", "kukimbizana" au kuna neno zuri zaidi?

Fundi kompyuta mmoja wa Tabora kaniuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya marekebisho ya Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta. Mashine ina prosesa kadhaa, yaani ubongo wake, sasa moja inazimwa wakati mashine inafanya kazi, hapohapo kuna amri ya kuristati, zinagongana mashine inaganda. Kiingereza wanaita 'race condition'. Mi nimeandika 'hali ya mbio', mwenzangu anasema 'kukimbizana'. Nani kapatia?"

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyepatia. "Mbio" ni mwendo, msomaji akikuta "hali ya mbio" atajua mashine imeongezwa spidi, atafurahi kabisa kumbe ndo ugonjwa wenyewe. Na "kukimbizana" lazima awepo anayekimbia na anayemfukuza, kama mgambo na machinga, sasa hapo prosesa inamfukuza nani?

Nenda stendi hapohapo Tabora basi la Kigoma likiingia. Mama anachungulia dirishani anaona siti tupu, anazunguka mlangoni apande, kabla hajafika kuna kijana keshapitisha begi dirishani, siti imekwenda. Macho ya mama hayakudanganya, siti ilikuwa tupu kweli, shida ni kile kipande cha muda kati ya kuona na kukaa. Pale tunasema wanawahiana siti. Basi neno lako ndo hilo, kuwahiana, na kisarufi limenyooka: rudi, rudiana, samehe, sameheana, wahi, wahiana. Ila usije ukaunda "mawahiano", nakuomba, andika tu "kuwahiana huku" inatosha.

Na ukiwa na kitenzi sahihi hata dawa inaelezeka. Kwenye Linux kazi ya kuristati huwa inahamia prosesa namba 0, na kama hiyo imezimwa inachukua ya kwanza inayofanya kazi. Sasa ikishaichagua, kabla haijakaa, mwingine akaizima, ni yaleyale ya mama na begi. Kwa hiyo anayeristati anaanza kwa kufunga mlango, kuzima na kuwasha prosesa kunazuiwa kwanza, ndo anachagua, ndo anahama, na atakayekuja katikati kuizima prosesa, yaani kuandika 0 kwenye faili lake la "online", anajibiwa kuko bize. Mpangilio huo usiupindue kwenye tafsiri, ukiandika "anahama kisha anafunga" umerudisha ugonjwa uleule.

Halafu nimeona kwenye rasimu yako umeandika "kuchomoa prosesa". Hapana bana. Kuchomoa ni mkono umeingia, kama unavyochomoa chaja ukutani, na hapa mara nyingi hakuna aliyegusa kitu, chuma kipo palepale kwenye bodi, kimeondolewa kazini tu. Andika "kupumzisha" na "kurudisha kazini", "kuchomoa" kaiwekee ile mashine ambayo kweli unafungua boksi ukaing'oa prosesa.