Tafuta wauguzi, si madaktari

Ndugu, unauliza jina la daktari Mkongomani aliyekwenda Vita vya Pili vya Dunia kisha akarudi kuhudumia watu wake. Mwenye diploma ya udaktari hutampata: wakati ule mkoloni Mbelgiji aliwafundisha wetu kuishia uuguzi na usaidizi wa daktari tu, na uhuru wa 1960 ulitukuta bila daktari mzalendo.

Tafuta wauguzi. Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilikuwa na hospitali ya kuhamahama iliyofuata jeshi la Waingereza mpaka Burma (Myanmar ya leo). Madaktari wake Wabelgiji, lakini machela, bandeji, kukesha na majeruhi, yote hiyo kazi ya vijana wetu. Koplo Albert Kunyuku, askari wa jeshi hilo, naye alifika Burma. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha nishani Kinshasa mwaka 2022. Miaka 77 baada ya vita, jamani!

Hapa Bukavu tunapita Camp Saïo, kambi ya jeshi, kila siku. Saïo ni jina la mji wa Ethiopia ambako Waitaliano walisalimu amri 1941 mbele ya askari wa Kongo.

Baada ya uhuru, baadhi ya wale wasaidizi walipelekwa Ufaransa kumalizia udaktari. Anzia hapo, na uwaulize wazee waliofanya kazi dispensari.