Kinuyo Tanaka, nyota aliyehamia nyuma ya kamera

Umeuliza kama zamani Japani ilikuwa na mwigizaji wa kike aliyeongoza filamu mwenyewe. Alikuwepo: Kinuyo Tanaka (1909–1977). Mwanamke mwingine, Tazuko Sakane, alimtangulia kuongoza filamu mwaka 1936, lakini Tanaka aliingia kwenye uongozaji akiwa tayari nyota anayejulikana nchi nzima, tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mwongozaji Kenji Mizoguchi, ambaye Tanaka alimwigizia katika filamu zake nzito kabisa, alipinga waziwazi Tanaka kuwa mwongozaji. Hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alikwenda kujifunza kazi akiwa msaidizi wa mwongozaji Mikio Naruse, na filamu yake ya kwanza, Koibumi, ikatoka 1953. Ya pili, mwongozaji Yasujiro Ozu alishiriki kuiandika. Jumla aliongoza sita.

Ukipata nafasi ya kuangalia moja tu, tafuta ile ya 1955 kuhusu mshairi Fumiko Nakajo, aliyefariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 31. Mwandishi wa filamu hiyo ni mwanamke pia, Sumie Tanaka. Kuna mahali mshairi, akiwa ameshakatwa matiti, anaoga nyumbani kwa rafiki yake na kumwonyesha kifua chake bila kujificha. Rafiki anashtuka, yeye hashtuki. Kwa miaka ile, sijui nani mwingine angethubutu kulionyesha jambo hilo hivyo.

Uigizaji nao hakuuacha. Mwaka 1975 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin.