Mjue Kwanza Mwenye Daftari

Ndugu yangu uliyepata barua ya kazi wiki hii,

Kuanzia Jumatatu utakuwa msaidizi katika ofisi ya mwakilishi wadi, moja kati ya wadi 85 za Nairobi. Au pengine ni mbunge aliyekuchukua, katika mojawapo ya maeneo bunge 17 ya jiji hili. Kazi ni ileile. Nimeifanya miaka kumi huku Eastlands, chini ya waheshimiwa watatu. Mengine niliyojifunza niliyajua kwa kuumia, na mengine kwa kuumiza watu. Haya ya pili ndiyo yanayonisukuma kukuandikia.

Utaambiwa una majukumu mawili makubwa. La kwanza, kuwafikishia wananchi habari za mipango ya kuwainua: pesa za wazee, basari, bima ya afya, chakula cha shuleni. La pili, kumtafutia mheshimiwa watu wa mtaani wa kupongezwa na kutunukiwa vyeti sikukuu zinapokaribia, hasa Mashujaa ya Oktoba 20 na Jamhuri ya Desemba 12. Nami niliambiwa hivyohivyo, nikafungua faili mbili. Moja niliandika MIPANGO, nyingine PONGEZI, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuzifungua zote mbili siku moja.

Kilichonibadilisha ni Inua Jamii. Ni wakati ule mpango ulipokuwa unapanuliwa ili kila mzee aliyetimiza miaka 70 apate shilingi 2,000 kwa mwezi, kama walivyokuwa wakipata mayatima na watu wenye ulemavu mkali. Mheshimiwa alitaka wadi yake iongoze kwa idadi. Tukakodi pikapu, tukafunga vipaza sauti, tukazunguka mtaa mzima asubuhi mbili tukitangaza: njooni na vitambulisho, njooni ukumbini. Siku ya usajili ilipofika, hadi saa sita mchana walikuwa wamekuja wazee wasiofika 20. Afisa wa huduma za jamii aliniangalia akaniuliza kama wadi yetu haina wazee.

Saa nane akaingia mama mmoja, mhudumu wa afya wa kujitolea, amebeba daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti. Alilifungua mezani. Kila ukurasa ulikuwa na jina la ploti juu, na chini yake orodha: nyanya fulani, orofa ya nne, mlango wa mwisho, anaishi na mjukuu, kitambulisho kimepotea, magoti yanamuuma. Babu fulani, chumba cha chini karibu na choo, haoni vizuri, mwaka wake wa kuzaliwa umekosewa kwenye kitambulisho. Ukurasa baada ya ukurasa. Walikuwa zaidi ya 60, na hapo aliandika ploti za upande wake tu.

Akaniambia, "Kijana wangu, gari lenu tumelisikia. Sasa nyanya wa orofa ya nne akishalisikia, atashukaje?"

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo tulipanda naye ngazi, mimi na afisa, nyumba kwa nyumba, hadi giza likaingia. Tuliendelea siku tatu. Asilimia kubwa ya wazee wa wadi yetu walioingia kwenye mpango waliingia kupitia lile daftari. Pikapu ilituletea wale waliokuwa na miguu ya kutembea.

Ndipo nilipoziunganisha zile faili mbili, nami nakuomba usizitenganishe hata siku moja. Mpango wa serikali ukishapitishwa na kupewa bajeti bado uko mbali na mlango wa mtu. Anayeufikisha pale mlangoni ni mtu mmoja wa mtaa anayejua nani anaishi wapi na nani hajala tangu jana. Ukimjua huyo, umeshapata njia ya kuupeleka mpango, na umeshampata wa kupongezwa.

Utamjuaje? Usianzie kwa wanaokuja ofisini. Nenda kwenye kituo cha maji wakati watu wamepanga mitungi, nenda kwa mama mboga jioni, simama kwenye lango la shule ya msingi watoto wakitoka. Uliza swali moja tu: mtoto akipotea hapa, mnampigia nani simu kwanza? Uliza watu wasiojuana. Jina likijirudia mara tatu, hilo ndilo. Halafu nenda kwa chifu na kwa mzee wa mtaa, si ili wakupe jina jingine, bali wakuambie kama kuna jambo la kukuzuia. Kwetu majina yaliyojirudia yalikuwa ya mhudumu wa afya, ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akifundisha watoto hesabu bila malipo kwenye korido ya ploti, na ya kijana wa bodaboda ambaye wanawake wenye uchungu wa kujifungua walikuwa wakimwita usiku wa manane.

Hapa lazima nikuambie kosa langu, maana utajaribiwa kulirudia. Mwaka wa nne nilipeleka jina la mtu niliyemwona kila siku. Alikuwa akifika ofisini kabla yetu, anapanga viti, anasalimia kila mtu, anawasaidia wananchi kujaza fomu pale kwenye benchi nje. Niliona kujitolea kwa ajabu. Akapewa cheti mbele ya watu, na watu wakapiga makofi machache sana. Nilidhani wamechoka na jua. Wiki mbili baadaye mama mmoja akaniuliza kwa unyenyekevu kama bei ya fomu ya basari imepanda, kwa sababu mwanzoni alilipa shilingi 200 na sasa ameambiwa 300. Fomu ni ya bure. Yule bwana alikuwa akiziuza, na cheti chetu, alichokitia plastiki na kukining'iniza shingoni kama kitambulisho cha kazi, ndicho kilichompa ujasiri wa kuongeza bei. Ilinichukua miezi kuwarudishia watu imani, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Watoto wao walikosa karo muhula ule. Hilo sijalisahau.

Kwa hiyo usipeleke jina ambalo hujalipeleleza kwa miguu yako mwenyewe. Na ukisikia makofi machache, waulize watu sababu siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu mipango yenyewe. Mwananchi anayeingia kwako halazimiki kujua kwamba serikali ni mbili, ya kitaifa na ya kaunti, lakini wewe ni lazima ujue nani anashika nini. Inua Jamii ni ya serikali ya kitaifa. Usajili unapitia kwa chifu na afisa wa huduma za jamii, na mwakilishi wadi hana uwezo wa kuongeza jina hata moja. SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ni ya kitaifa, na mtu anaweza kujisajili kwa simu yake kwa kubonyeza *147#. Pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ziko kwenye eneo bunge, na za NGAAF, mfuko wa kuwainua wanawake, vijana na makundi mengine yaliyoachwa nyuma, ziko upande wa mwakilishi wa wanawake. Basari ya kaunti ndiyo inayopitia kwenu wadini. Dishi na County, ule mlo ambao mtoto analipia shilingi 5 kwa kugusisha kibangili chake, ulianzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023. Andika haya kwenye karatasi kubwa, ibandike ukutani mahali anayesubiri anaweza kuisoma, kwa Kiswahili chepesi. Karatasi hiyo itakuokolea watu safari za bure kutoka ofisi hadi ofisi, na nauli ya matatu kwa mtu asiye na kazi si kitu kidogo.

Mheshimiwa atatamani kusimama mbele ya kila mojawapo ya hiyo mipango aseme, "Nimewaletea." Mzuie, kwa heshima, mkiwa wawili tu ofisini. Mkumbushe Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachosema kila mtu ana haki ya afya, ya chakula, ya elimu na ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawasaidia wasioweza kujikimu. Kinachotajwa pale ni haki, na haki hailetwi na mtu mmoja. Pia kuna sababu ambayo mwanasiasa huielewa haraka: pesa za wazee mara nyingi huchelewa, na zikichelewa, wazee humwendea yule aliyesema amezileta. Mheshimiwa wangu wa pili alinisikiliza. Akaanza kusema, "Hii ni haki yenu, na kazi yangu ni kuuliza kwa nini haijafika." Watu walimpenda zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa yale ya kujisifu.

Kuhusu uandishi wa pongezi, nina ukali kidogo. Usiandike kwamba fulani anapongezwa "kwa kujitolea kwake katika jamii". Maneno hayo yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamfai yeyote. Andika alichofanya, wapi, kwa muda gani: alipanda orofa ngapi, aliwafundisha watoto wa ploti zipi, siku gani za wiki. Mwakilishi akiyasema hayo bungeni pale City Hall, yanaingia kwenye Hansadi, ile rekodi rasmi ya mijadala, na Hansadi hubaki hata cheti kikioza kwa unyevu. Andika kwa Kiswahili, ili anayetajwa asome mwenyewe. Niliwahi kumpelekea yule mama wa daftari nakala ya kauli iliyotolewa juu yake. Aliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akanisahihisha mahali pamoja: ploti moja nilikuwa nimeitaja kwa jina la zamani.

Jina lake mwenyewe muulize namna anavyoliandika. Muulize pia kama anataka kupongezwa hadharani, maana wengine hawataki, na wana sababu. Picha usipige wala kusambaza bila idhini, hasa za watoto wanaopokea basari au wazee wanaopokea chakula. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu, lakini hata isingekuwepo: mtoto wa kidato cha pili hataki wenzake wamwone mtandaoni ameshika hundi ya umaskini wao. Siku ya hafla, tuma nauli mapema, mpe kiti kivulini, na usimwite saa tatu kama mheshimiwa atafika saa nane. Nimeona mama wa miaka 68 akikaa juani kwa muda wa saa tano ili apewe karatasi ya kumshukuru.

Jambo jingine ni gumu zaidi. Pengine anayestahili pongezi ni mtu anayempinga mheshimiwa wako. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akasimama kulizuia. Wabunge walimkejeli ndani ya Bunge lenyewe, hata ndoa yake iliyovunjika wakaifanya hoja. Bustani ikabaki. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge, mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, na leo ile iliyokuwa Forest Road inaitwa kwa jina lake. Ukipita pale, kumbuka kwamba waliomkejeli walikuwa na wasaidizi ofisini kama mimi na wewe. Kijana anayeandika maombi rasmi kwa bunge la kaunti kulalamikia taka au mtaro, na sheria ya kaunti ya 2012 inampa haki hiyo, usimwandike kwenye orodha ya wasumbufu. Mwite, msome, mwelekeze kwa Karani wa Bunge.

Nishani za taifa, kama HSC (Pongezi za Mkuu wa Nchi), hutolewa na Rais chini ya sheria ya 2013, na majina huchujwa na kamati ya ushauri. Ukitaka kumpendekeza mtu, usingoje Novemba. Kusanya mapema ushahidi wa kazi yake na barua za watu waliosaidiwa.

Na mwisho wa yote, usidhani ukishatoa cheti umemaliza. Tulipomtunukia yule mama, alishukuru sana, akakiweka cheti kwenye mkoba. Kisha akaniuliza kuhusu posho. Wakati huo wahudumu wa afya wa kujitolea kama yeye hawakuwa na posho ya uhakika. Mwaka 2023 wahudumu hawa walipewa jina la wahamasishaji wa afya ya jamii, mikoba ya vifaa, na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Mjumbe anayewapongeza kwa kipaza sauti huku hajui kama nusu ya kaunti imelipwa mwezi huu hajawaheshimu. Kwa hiyo weka jambo hili kwenye kalenda yako: kila tarehe 10, mpigie simu mmoja wao, uliza kama pesa imeingia. Kama haijaingia, mwandalie mheshimiwa swali la kuuliza kwenye kamati ya afya, lenye mwezi na idadi ya wasiolipwa, siyo hotuba.

Yule mama sasa yuko kwenye daftari la nne. Ukipangiwa wadi yetu, nenda umsalimie wiki ya kwanza, ukiwa na la kwako na kalamu. Jumanne na Alhamisi asubuhi huwa kwenye zamu ya kutembelea nyumba, na huanzia orofa ya juu kabisa.