Usilipie fremu kwa fedha ya halmashauri ambayo haijaingia kwenye akaunti

Usilipe kodi ya fremu hiyo ya biashara, na kama umeshalipa, nenda leo ukamsihi mwenye nyumba akurudishie hata nusu yake. Umeandika kwamba kikundi chenu cha vijana 7 waliomaliza vifungo kimepitishwa na kata kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaoitwa wa asilimia 10, na kwamba mtu anayewaandikia andiko la mradi amewashauri mpange fremu na kuagiza mashine ya kuchomelea sasa hivi kwa kuwa fedha "ni ya uhakika". Nilipofika kwenye neno hilo "uhakika" usingizi uliniruka, maana ndilo neno tulilopewa sisi mwanzoni mwa mwaka 2023.

Tulikuwa 6, katika manispaa moja ya Nyanda za Juu Kusini. Mimi nilikuwa nimetumikia kifungo cha miaka 4, wenzangu wengine muda mrefu zaidi, na fundi wetu mkuu alikuwa amejifunza useremala akiwa ndani, akawa na mkono wa kutengeneza kabati ambao mafundi wengi wa mjini hawana. Akaja mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa maandiko ya miradi, akatutoza shilingi 300,000 na kutuambia kwamba serikali ina fungu la wafungwa waliomaliza vifungo vyao. Katika mikopo hii fungu hilo halipo. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, aliyetoka gerezani huhesabiwa ndani ya mojawapo ya makundi hayo, kama mwananchi mwingine yeyote. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na hamu kuliko sisi sote, alikuwa ameuacha ujana gerezani, na kanuni zilimweka nje kabla hata hatujafungua akaunti. Mtaalamu wetu alikuwa amekwisha kupokea mchango wake.

Hilo lilikuwa kosa la kupoteza laki kadhaa. Kosa lililotuvunja ni lile mnalotaka kulifanya ninyi. Kata ilipotupitisha, mtaalamu yule alituambia tuonekane "tuko tayari", tuwe na karakana na mashine, ili wakaguzi wa halmashauri wakija wakute kazi. Hakuna aliyekuwa na akiba, kwa hiyo tulikopa shilingi 2,000,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, zile fedha zinazoitwa kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, tukalipa kodi ya miezi 6 mbele na malipo ya awali ya mashine ya randa. Tuliamini tutamlipa ndani ya miezi 2. Mwezi Aprili mwaka huohuo serikali ikatangaza bungeni kwamba utoaji wa mikopo hiyo umesitishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Mikopo haikurejea hadi mwaka 2024. Mkopeshaji wetu hakusitisha chochote.

Riba peke yake ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi, na sisi kwa mwezi tulikuwa tukiuza stuli chache na meza moja. Mashine ilikaa karakanani imefunikwa turubai, kwa sababu muuzaji alikuwa bado anadai sehemu yake na ametukataza kuiwasha, na wenzangu wakawa wanaiita bibi harusi. Tulicheka sana kwa jina hilo, kwa kuwa kila mmoja wetu aliogopa kuwa wa kwanza kusema tumekwisha.

Mdogo kuliko sote alikuwa ameweka friji ya mama yake kuwa dhamana. Mama yule alikuwa akiuza barafu na juisi ya ukwaju kwa watoto wa shule, na ndiye peke yake katika ukoo aliyekwenda kumpokea mwanawe langoni siku alipotoka. Walipokuja kuichukua nilikuwepo. Aliwaomba wasubiri, akatoa vifuko vya barafu kimoja kimoja akavipanga kwenye ndoo ya plastiki, akaifuta friji kwa kitambaa ndani na nje, kisha akawafungulia mlango. Hakumtukana mtu. Kijana alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, na usiku ule aliondoka. Ilipita miezi 9 bila mama yake kujua alipo. Mtu aliyeandika andiko letu alikuwa bado anaonekana mjini akiwaandikia wengine, na nilipomfuata aliniambia kwamba yeye hakutushika mkono tukope. Kweli hakutushika, lakini alijua kwamba watu waliotoka jela wana haraka ya kuonekana wamebadilika, na haraka hiyo ndiyo aliyoitumia kula fedha zetu.

Kwa hiyo elewa fedha hii inavyotembea. Inatokana na makusanyo ya halmashauri yenyewe, yaani ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko na mengineyo, na hutolewa kadiri makusanyo yanavyoingia, hivyo tarakimu iliyosomwa kwenye bajeti si fedha iliyo tayari. Kupitishwa na kata ni hatua ya mwanzo; maombi hupanda halmashauri, huchambuliwa, kikundi huhakikiwa, na mkataba husainiwa. Kiasi mnachoomba na kiasi mnachopewa huweza kutofautiana sana: tulipoomba tena baada ya utaratibu kurejea, tuliomba milioni 12 tukapata 7. Ni mkopo, hauna riba, lakini unarejeshwa, na wakati wa marejesho ukifika hawatauliza mashine yenu bado iko dukani au la.

Safari ile ya pili wahakiki walitukuta chini ya mwembe uani kwa fundi mkuu, tuna randa za mkono, misumeno miwili na daftari la mauzo ya miezi 8, na hakuna aliyetuuliza karakana iko wapi. Walilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Mashine tuliinunua fedha ilipokwisha kusoma kwenye akaunti ya kikundi, tukiwa tumeona taarifa ya benki kwa macho yetu, sote tuliobaki, akiwemo kijana wa friji, ambaye alikuwa amerudi.

Kama hujalipa, kesho asubuhi, kabla ya jambo jingine lolote, nenda kwa mwenye fremu ukamwombe muandikishiane kwamba kodi itaanza kuhesabiwa siku mkopo utakapoingia. Akikataa, mwache apangishe mtu mwingine. Na huyo mwandishi wa andiko akiwaambia kwamba mnachelewa, mwambieni alipe yeye kodi ya miezi hiyo, halafu mtamrudishia fedha ikitoka.